Paa Lenye Macho Mawili

Jumatatu, 10 Februari

Binti yangu amefika na fundi wa paa. Hakunipigia simu kwanza, maana anajua ningemkatalia. Fundi alizunguka nyumba huku ameinua kidevu, akapiga mluzi, akasema, "Mzee, paa hili limechoka."

"Hata mimi nimechoka," nikamjibu, "mbona hujasema uniezue?"

Binti yangu alicheka. Fundi hakucheka, akaendelea kutazama juu.

Vigae vyetu ni vya udongo. Vimeota ukungu, vingine vimepasuka, na maji huingia pembeni mwa yale madirisha mawili yaliyochomoza kwenye paa. Kila dirisha lina kijumba chake cha mbao na kipaa chake kidogo. Mtaa mzima huyaita macho. Ukimuuliza mtu njia hapa atakwambia, "Nyoosha mpaka nyumba yenye macho, kisha kata kulia." Basi macho yenyewe siku hizi hulia kila masika, na machozi yake hushuka hadi sebuleni.

Shauri la fundi ni kuyavunja yote mawili, mteremko uwe mmoja kila upande, kisha aezeke mabati ya vigae, yale yaliyokunjwa kiwandani yakafanana na vigae vya kweli. "Paa lisilo na pembe halina pa kuvujia," akasema. Binti yangu akaafiki palepale. Nikasema macho hayavunjwi.

"Baba, huko juu hata hupandi."

Ni kweli. Sijapanda tangu mama yake alipofariki.

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi tumebishana, mchana tumenuniana, jioni amekubali. Macho yanabaki. Fundi amesema basi kazi itakuwa ndefu, na mvua haimsubiri mtu.

Alhamisi, 13 Februari

Fundi alisema atakuja asubuhi, amekuja jua linapinduka. Nikamuuliza ataanza lini. "Bado kidogo, mzee." Mabati yako wapi? "Bado kidogo." Binti yangu amekwisha mpa jina: Bado Kidogo. Mimi maishani nimekuwa fundi cherehani, na najua vizuri jamaa wa aina hii. Nguo ya harusi huitoa baada ya harusi.

Jumapili, 16 Februari

Leo nimepanda. Ngazi imekuwa na mwinuko mkali kuliko ninavyoikumbuka, au ni magoti. Kabla hawajafunua paa, nilitaka nikione chumba kikiwa na giza lake lilelile.

Zamani hapa palikuwa stoo. Tulipooana, mke wangu alipanda akachungulia, akasema, "Humu ni kama ndani ya gunia." Nilitaka pawe mahali pa kushonea, lakini utatungaje sindano uzi ndani ya gunia? Kaka yake ni seremala. Akaja, akasimama katikati ya chumba, akagonga mbao kwa ngumi, akamwambia dada yake, "Nitakutobolea macho." Alitoboa mawili, moja langu na moja la mke wangu, ili tusigombanie mwanga.

Tukashona humo mpaka nywele zikabadilika rangi. Cherehani yangu chini ya jicho la kulia, yeye kwenye la kushoto na matundu ya vifungo na upindo. Nilikuwa nimeinamia kitambaa kutwa nzima, kwa hiyo mtaa niliusikia kutoka kinywani mwake. "Yule anapita na suruali yako. Umemkatia fupi." Au, "Mama wa duka la mkaa amefumua gauni pembeni. Nadhani ni mimba, maana si unene ule." Msimu wa shule kufunguliwa hatukuteremka ila kula na kulala. Binti yetu alijifunza kuhesabu kwa vifungo, na mvua ikinyesha juu ya udongo ule sauti yake ilikuwa ya chini, kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

Kitanda alicholala mwaka wake wa mwisho bado kipo chini ya jicho la kushoto. Godoro lina doa la maji. Nimekaa kidogo, nikashuka.

Jumanne, 18 Februari

Wameanza kuezua. Bado Kidogo na mwenzake wanateremsha vigae mkono kwa mkono, wanavipanga uani. Upande wa kulia wametoa mpira aliokuwa akiuchezea binti yangu, umenyauka kama sikio la mzee. Aliupokea kwa mikono miwili, mama mzima mwenye watoto wake, akaenda kuuosha.

Vumbi. Nimepiga chafya kutwa.

Ijumaa, 21 Februari

Kumetokea kizuizi. Bado Kidogo alipofunua jicho la kushoto alikuta nguzo moja ya mbao imeoza ndani, na zile mbao za paa zimeunganishwa kwa namna ambayo hajapata kuiona. Haoni ni ipi iliyobeba uzito na ipi inasindikiza tu. Aking'oa isiyo yake, kijumba kizima kinaweza kuketi chumbani.

"Aliyejenga hapa yuko hai?" akauliza.

Binti yangu akanitazama. Nikatazama vigae.

Yu hai. Anakaa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango. Kila jioni huweka kiti chake kizingitini akaelekea huku, nami huweka changu nikaelekea kule, na kila mtu hutazama juu ya kichwa cha mwenzake. Hatujasemezana tangu siku ya mazishi. Mke wangu alipougua, shemeji alitaka tumhamishie kwake, nyumba isiyo na ngazi. Hakuhamia. Siku ya maziko, mbele ya watu, akasema, "Dada yangu umemfungia darini kama gunia la nguo kuukuu." Nikamwonyesha mlango. Tangu hapo basi.

Jumamosi, 22 Februari

Nilimwambia binti yangu tutafute seremala mwingine. Akasema, "Wa kwanza yuko hapo anaota jua." Akavaa viatu akatoka. Nilimwona kupitia pazia akipiga magoti mbele ya mjomba wake kumwamkia, wakaongea kwa muda. Kisha shemeji akainuka, akachukua mkongojo, akavuka.

Nimejifungia chumbani. Nasikia sauti yake uani. Imezeeka.

Jumatatu, 24 Februari

Haiwezekani kujifungia chumbani siku tatu katika nyumba yako mwenyewe. Nimetoka.

Shemeji amewekewa stuli katikati ya uwanja, anaelekeza kwa mkongojo kama mwalimu wa kwaya. "Fundi! Hiyo ya kushoto usiiguse! Tia kwanza mhimili chini ya boriti, ndipo ung'oe mbovu."

"Mbovu ni ipi, mzee?"

"Ya upande linakotokea jua. Mti wake ulikuwa haujakauka. Mwenye nyumba alikuwa akiniharakisha."

Hakunitazama. Nikamwambia binti yangu, "Mwambie mjomba wako nilimharakisha kwa sababu alikuwa akila kwangu asubuhi, mchana na jioni."

"Baba, yuko hapo. Mwambie mwenyewe."

"Mwambie baba yako," akasema shemeji, "chakula chenyewe alikuwa akipika dada yangu. Yeye hajui hata chumvi inakaa wapi."

Bado Kidogo huko juu alicheka mpaka akashikilia boriti. Ni mara yangu ya kwanza kumwona meno.

Alhamisi, 27 Februari

Nguzo mpya imeingia. Papi, yaani zile mbao nyembamba za kupigilia mabati, zinapimwa moja moja, maana mikunjo ya bati ikikosana na papi bati halitakaa. Mabati yamefika. Rangi ni ya udongo, karibu na ile ya zamani, lakini yanang'aa mno. Shemeji ameyagonga kwa ukucha. "Sufuria," akasema. Moyoni nakubaliana naye.

Jumatatu, 3 Machi

Upande wa kulia umekwisha. Nilikosea kuhusu Bado Kidogo, niandike wazi. Bati la pembeni mwa dirisha, pale paa linapokutana na ukuta wa kijumba, alikuwa amekwisha lifunga. Mimi kwa chini niliona limekaa safi kabisa. Akashuka, akanywa maji, akalitazama, akapanda tena akafungua skrubu zote. Nikamuuliza lina nini.

"Bado kidogo, mzee. Maji yakija na upepo yatapanda kwa chini ya hili. Nalirudia."

Analikata bati kwa mkasi, polepole. Mashine ya kukatia anayo, lakini anasema cheche zake huunguza rangi, na mahali palipoungua ndipo kutu huanzia. Nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikifumua kola ambayo mteja ameshaikubali. Mke wangu alikuwa akisema, "Amekwisha ipenda, mwache aende!" Sikuweza. Kumbe mtu huyu na mimi ni ndugu, nami nilikuwa namhesabia uvivu.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Hakuna jani linalotikisika. Upande wa kushoto uko wazi wote, jicho limebaki mifupa, juu yake wametandika turubai.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike ya jana kabla sijayapunguza.

Mvua haikutakiwa kuja bado. Alasiri, Bado Kidogo na mwenzake walikuwa juu wakimalizia papi, binti yangu anaanua nguo, mimi kibarazani. Upepo ukaja ghafla na vumbi, ukafuatiwa na matone makubwa. Nikasikia turubai likipiga makofi, kisha mlio wa kamba kukatika. Pembe nzima ikanyanyuka, turubai likaangukia uani, na mwenzake wa Bado Kidogo akaruka ngazini kulikimbilia.

Sijui nilipandaje. Binti yangu alinitangulia. Chumba kilikuwa na anga badala ya dari, na maji yanamwagika moja kwa moja juu ya kitanda na cherehani, ambayo mafundi waliihamishia huku walipoezua upande wa kulia. Tukasukuma cherehani upande wa kulia uliokwisha ezekwa. Turubai likarudishwa juu, Bado Kidogo akalilalia kwa mwili wake wote nje, miguu ameitia katikati ya papi, akapiga kelele, "Livuteni kwa ndani! Livuteni mpaka nipigilie!"

Tukavuta. Mimi pembe moja, binti yangu nyingine. Ya tatu ilikuwa inatuponyoka. Upepo ukiingia chini yake tunainuliwa visigino. Hapo nikasikia mkongojo kwenye ngazi. Gongo, hatua, gongo, hatua. Shemeji akatokea amelowa, bila viatu, amebeba kamba begani. Mwaka juzi aliambiwa na daktari asipande hata ngazi ya kibaraza.

"Utakufa!" nikamwambia. Ndilo neno la kwanza nililomwambia ana kwa ana tangu mazishi.

"Kufa wewe kwanza, wewe ni mkubwa," akajibu, akashika pembe ya tatu. Akaifunga kwa kamba kwenye nguzo ile mpya, fundo moja ambalo sikuliona linavyofungwa, na turubai likatulia upande wake. Juu nyundo ikaanza kugonga.

Ilibidi tubaki hivyo, kila mtu na pembe yake, mpaka Bado Kidogo amalize. Kitanda kilikuwa katikati yetu. Shemeji akakitazama. Hakuwa amewahi kukiona; alipokuwa akija kumwona mgonjwa tulikuwa tukimteremsha dada yake chini kwa muda mfupi, maana miguu ya shemeji haikuweza ngazi.

"Ndipo hapa," akasema. "Ndipo mlipomweka."

Nilitaka kujibu vibaya. Binti yangu akaniwahi, maji yakimtiririka viwikoni.

"Mjomba, hatukumweka. Alikataa kuhamia chini. Baba alimbembeleza, mimi nilimlilia. Alisema, 'Dirisha hili kaka yangu amenitobolea kwa mikono yake. Niacheni nilitumie mpaka lichakae.'"

Shemeji akageukia fremu ya dirisha. Nyundo ikagonga, ikagonga.

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Tena kila jioni alikuwa akikuona pale mlangoni kwako. Ananiambia, 'Mtazame, shati lilelile la juzi. Huyu akikosa wa kumkumbusha kufua atazikwa nalo.'"

Shemeji alitoa sauti ambayo nilidhani ni kikohozi. Ilikuwa kicheko, kisha ikawa kitu kingine. Mvua ilikuwa inatupiga sote usoni, kwa hiyo siwezi kushuhudia nani alilia na nani hakulia.

"Nilidhani unajua," nikamwambia. "Miaka yote hii nilidhani unajua, umeamua tu kutoamini."

"Ningejulia wapi? Nani aliniambia? Ulinionyesha mlango."

"Uliniita mfungaji wa magunia."

"Nilikuwa nimefiwa."

"Na mimi je?"

Bado Kidogo akaingiza kichwa kupitia fremu ya dirisha, kitambaa cha kichwani kimemshuka machoni. "Wazee," akasema, "mwaweza kuachia sasa."

Hatukuelewa anasema nini mpaka binti yangu alipotutoa mikono kwenye turubai, kidole kwa kidole.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji ana mafua. Binti yangu amempelekea uji. Mimi nimempelekea shati. Ni la kwangu, mikono inamzidi. Amesema nimezeeka, siku hizi sijui kupima.

Jumanne, 11 Machi

Jua. Kila kitu kinaanikwa. Godoro tumelitupa, na kitanda tumekifungua tukakishusha. Nilidhani itaniuma zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Jicho la kushoto limekwisha. Kofia ya paa, yaani lile bati la kufunika mgongo wake, imepigiliwa leo. Bado Kidogo amemwagia maji paa zima kwa bomba huku sisi tumekaa ndani, tunatazama juu kama vifaranga. Hakuna hata tone. Shemeji amepapasa pembe zote kwa mkono mkavu, akautazama mkono, akapapasa tena.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Anajua kazi," akasema. Ninavyomfahamu, hiyo ni sifa ya kutosha mwaka mzima.

Bado Kidogo alipokuwa akifunga vyombo vyake nilimuuliza kama sasa angetushauri tena tuyavunje macho. Akafikiri. "Kwa paa, ndiyo," akasema. "Kwa nyumba, hapana."

Jumapili, 23 Machi

Mvua za kweli zimeingia. Bati lina kelele. Ule mnong'ono wa udongo umekwenda na hautarudi, na asubuhi nilikaa chini yake nimekasirika kama mtu aliyepangisha chumba kwa mpiga ngoma. Nilijaribu kukumbuka sauti ya zamani sikuweza, hii mpya ilinijaza masikio. Nilipata sauti ya mke wangu, lakini mvua iliyokuwa nyuma yake sikuipata. Hiyo ndiyo niliyopoteza katika kazi hii, na sikujua kwamba ningeipoteza.

Sebule ni kavu. Kuta zimeanza kurudia rangi yake.

Jumapili, 30 Machi

Binti yangu ameondoka. Alifunga mizigo huku akinipa maagizo: dawa, gesi, madirisha. Akaniuliza tena kama nisingependa kwenda kukaa kwake. Zamani swali hilo lilinikera, nikidhani anaona nimekuwa mzigo wa kusogezwa. Majuma haya nimemwona akibeba vigae, akivuka barabara kupiga magoti kwa niaba yangu, akishika turubai. Nikamwambia, "Nitakuja kutembea. Kukaa, niache hapa."

Akanikumbatia. Kisha akavuka kwenda kumuaga mjomba wake, akakawia huko kuliko alivyokawia kwangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Tangu juzi shemeji anapanda huku juu kila alasiri. Hupumzika katikati ya ngazi na kusingizia kwamba anakagua mbao. Nimemwekea kiti kwenye jicho la kushoto, mimi niko kwenye langu, na chai katikati.

Leo tulibishana kuhusu ile mvua kubwa iliyobomoa ukuta wa soko. Mimi nasema ilikuwa kabla binti hajazaliwa. Yeye anasema baada, na ushahidi wake ni kwamba alimbeba begani kwenda kutazama. Nikamwambia aliyembeba ni mimi, nikasahau kwamba nimekwisha sema alikuwa hajazaliwa. Akaweka kikombe chini, akanyoosha kidole, akaanza, "Wewe sikiliza, siku ile dada yangu alikuwa..." na hapo mvua ikashuka juu ya bati kwa nguvu zote. Nikaona midomo yake ikicheza, nisisikie neno.

Nilitaka kujua dada yake alikuwa nini. Nikamwinulia kiganja: ngoja.

Akafunga mdomo, akachukua kikombe chake, akangoja.